Faili Mbili za Babu

Kopo lilikuwa la Kimbo, la kilo mbili, rangi imebanduka na kutu imeshika ukingo wote. Mfuniko haukukaza tangu nilipopata akili, ndiyo maana Bibi alilifunga kwa ukanda alioukata kwenye leso kuukuu. Ndani mlikuwa na karatasi ya kuachishwa jeshi, iliyokunjwa mara nne hata mikunjo ikatoboka, picha ya kijana aliyesimama wima kama mlingoti, na medali mbili. Nasema mbili kwa kuwa ndivyo zilivyokuwa kabla sijaipoteza moja.

Agosti 2025 redio zilitangaza kwamba imetimia miaka 80 tangu Japani isalimu amri. Jioni ile mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mombasa. Yeye ndiye aliyepewa jina la Babu, Shee.

“Mjomba, wale wazee wa Bama wanaotajwa, Babu alikuwamo?”

“Alikuwamo.”

“Na medali zake ziko wapi?”

Nilimwambia nitampigia. Zilipita siku mbili sijampigia, kwa kuwa jawabu lake si la kusemwa kwa simu huku mtandao wa Ndau unakuja na kupotea.

Nilizaliwa Ndau, kisiwa kidogo kati ya Pate na Kiwayu. Mbele yetu, ng'ambo ya mkondo, ni bara, ambako wazee walikuwa na mashamba yao mpaka vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967 vilipowatia watu hofu ya kulala huko. Ukitaka kupata riziki, ilikuwa bahari: nyavu, kamba, boriti za mikoko. Katika maisha kama hayo medali ni kipande cha chuma chenye tundu, nami nikiwa na miaka tisa nilikuwa nikitafuta kipande cha chuma chenye tundu. Chubwi ya mshipi wangu ilikuwa imepotea. Nilifungua kopo Bibi alipokwenda kisimani, nikaifunga medali moja juu ya ndoana, nikaenda mwambani. Ilizama vizuri ajabu. Nilipata changu mmoja na tafi wawili, kisha mshipi ukanasa, ukakatika.

Nilikaa siku nzima nikingoja fimbo. Babu aliponiita aliuliza jambo moja tu: “Ulipata samaki?” Nikamhesabia. Akacheka. “Basi imekufanyia kazi kuliko ilivyonifanyia mimi.”

Kwa miaka mingi nilidhani maneno yale ni ya mtu asiyejali. Hakuwa asiyejali. Ile iliyozama ilikuwa Medali ya Vita, aliyopewa kila aliyevaa sare kwa siku 28, hata kama sare yenyewe aliivaa jikoni Nairobi. Iliyobaki ilikuwa Medali ya Ulinzi. Zile alizozitolea jasho hazikuwamo koponi, na hazikuwamo hata kwenye ile karatasi.

Babu aliandikwa Keya mwaka 1942, Mombasa. Watu wa rika lake hawakusema King's African Rifles. Walisema Keya, na aliyetoka huko aliitwa askari wa Keya. Kutoka Kenya peke yake walikwenda karibu watu laki moja katika vita vile, wengine wakiwa na bunduki, wengine na makarai. Alipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, kisha mwaka 1944 akaingia Bama, yaani Burma, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyobeba alama ya kifaru begani. Waliteremka bonde la Kabaw katika mvua za pepo za kusi, kutoka Tamu kuelekea Kalemyo na mto Chindwin, chakula kikiangushwa na ndege. Alisimulia matope kuliko alivyosimulia Wajapani. Nyumbu, alisema, walizama mpaka tumbo, na mtu alikuwa akiwaonea huruma kuliko nafsi yake, maana nyumbu hakuulizwa. Kila siku walimeza tembe za malaria zilizowageuza manjano mpaka weupe wa macho. “Ungetuona ungedhani tumepakwa bizari.”

Jambo moja hakulisimulia kwa mzaha. Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo na watu kama 1,500. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani iliipiga, ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Babu alikuwa Ceylon, ambako walikuwa wakingojewa. Mtu wa Ndau hujua dakika mbili ni nini majini: hazitoshi hata kufungua kamba za viatu. Akifika hapo alikuwa akigeuka kushona nyavu.

Mwaka 1986 zilivuma habari kwamba askari wa zamani wanahesabiwa Lamu. Wengine walisema kuna pesa, wengine walisema kuna blanketi. Tulisafiri kwa mashua usiku ili tuwahi maji makuu ya kupita mkondo wa Mkanda, maana yakishatoka unakaa humo na mbu mpaka yarudi. Babu alivaa kanzu mpya na koti la suti lisilokuwa la kwake. Mezani alikaa kijana mwenye faili. Alipomuuliza namba, Babu alikaza mgongo, akaitamka yote bila kupumua, akamaliza na “Afande!” Siku yake ya kuzaliwa hakuijua, namba ile aliijua miaka 40 baadaye kama anavyoijua Fatiha.

Kijana akapitisha kidole. “Mzee, hapa umefika Ceylon. Bama hukwenda.”

Babu akajibu kwa Kikeya, kile Kiswahili cha kambini kilichokatwa viungo, ambacho nyumbani alikitumia kutuchekesha: “Mimi hapana kwenda? Nani kwenda?”

Watu walicheka, na yeye akacheka pamoja nao. Njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipofika Faza. Pale ndipo nilipoamua kuishughulikia karatasi ile. Nilikuwa mwalimu, nina kalamu na nina kiburi cha mwenye kalamu. Nilidhani ni kazi ya barua mbili.

Zilikuwa barua kumi na tisa. Ofisi moja ng'ambo ilinijibu kwa adabu kwamba kumbukumbu za askari Waafrika zilibaki Nairobi. Ofisi moja Nairobi ikanijibu, bila adabu nyingi, kwamba zilichukuliwa na Waingereza walipoondoka. Nilikuwa kama mwenye mashua anayeambiwa na Kiwayu upepo uko Kizingitini, na Kizingitini wakimwambia uko Kiwayu. Waingereza kweli walichukua na kuchoma mafaili mengi ya Kenya kabla ya uhuru wa 1963, na rundo kubwa la waliyoyachukua lilikuja kukiriwa mwaka 2011 kwamba liko Hanslope Park, Uingereza, baada ya wazee wa Mau Mau kwenda mahakamani London. Lakini hilo mimi mwaka 1987 sikulijua. Nilijua tu kwamba stampu zinanimalizia mshahara.

Aliyetufungulia njia ni karani mmoja mwanamke, mtu mzima, katika ofisi niliyokwenda mwenyewe likizo ya Agosti mwaka 1988. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa halijatokea. Kisha akasema: “Mwalimu, usimtafute babu yako kwa jina lake. Mtafute kwa jina alivyolisikia aliyemwandika.” Akachukua karatasi, akaandika Shee, chini yake Shehe, Sheikh, She, Chee. Akaniambia nirudi Alhamisi.

Alhamisi alikuwa na faili mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ya Shee, aliyeandikwa Mombasa, akafika Ceylon, akapewa medali mbili, akaachishwa. Ya pili ilikuwa ya Shehe. Huyu hakuwa na mwanzo. Alitokea Ceylon mwaka 1943 siku ambayo Babu alihamishwa batalioni, akiwa na namba ile ile ila 1 moja imegeuka 7, akapigana Bama, akastahili Nyota ya 1939–45 na Nyota ya Bama, kisha akapotea. Hakuna aliyekuja kudai nyota zake. Nilimtazama Shehe kwa muda mrefu. Miaka 40 na zaidi babu yangu alikuwa watu wawili, na aliyekwenda vitani alikuwa yule asiyerudi.

Sikukasirika kama nilivyotarajia. Nilimwona karani wa Ceylon, kijana wa bara huenda, hema linavuja, mstari wa watu haumaliziki, mbele yake Mbajuni kama sisi anatamka jina kwa lafudhi ya Kitikuu, lahaja yetu. Akaandika alichosikia. Kosa lake lilichukua sekunde tatu, na yeye hakuulizwa ushahidi. Ushahidi tuliulizwa sisi. Tulitakiwa tulete hati ya kiapo, barua ya chifu, na watu wawili waliotumikia naye, wakati wengi waliotumikia naye walikuwa chini ya ardhi au chini ya Bahari Hindi. Hilo ndilo somo lililoniingia kuliko yote katika shughuli ile: daftari huaminiwa bila kuapa, na aliyekosewa na daftari ndiye anayeapishwa.

Shahidi wa kwanza tulimpata kwa urahisi, akaapa, akadai nauli. Wa pili alikuwa mzee wa Faza ambaye watu walisema aliwahi kuwa Bama. Macho yalikuwa yamekwisha. Tulimkuta kwenye kibaraza amekaa juu ya mkeka, anasokota kamba kwa vidole vyake mwenyewe kama vile vidole vina macho. Babu akamsalimu, akajieleza. Mzee hakuonyesha kumjua.

“Wengi wamekuja kwangu na maneno ya Bama,” akasema. “Wewe niambie, Chindwin pale Kalewa ulivuka kwa chombo gani?”

Nilimtazama Babu nikiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimesoma kuhusu daraja la Kalewa, lile la chuma la mita 350 hivi lililojengwa Desemba 1944. Kila kitabu kinalitaja. Nikataka kumnong'oneza.

Babu akasema: “Kwa boti. Daraja walikuja kupita wenye magari. Sisi tulipita kabla.”

“Nani kashika kasia?”

“Mimi, na kijana wa Faza. Wabara walikuwa wameshika ubavu wa boti kama wanaoshika ng'ombe.”

Mzee akaacha kamba. Akanyoosha mkono, akampapasa Babu bega, kisha shavu. “Wewe ndiye uliyekuwa ukiitwa Shehe asubuhi, ukakataa kuitika. Sajini anaita, wewe kimya. Ukachimba vyoo wiki nzima kwa sababu ya herufi.”

“Si ina langu,” Babu akasema. Kwetu jina ni ina.

Walikaa pale mpaka magharibi. Sikuelewa nusu ya waliyosema, maana walichanganya Kitikuu, Kikeya na maneno ya Kihindi waliyoyaokota njiani, na kila mmoja akamaliza sentensi ya mwenzake. Nami nilikuwa na kalamu mkononi nikingoja kitu cha kuandika kwenye hati ya kiapo. Nilichoandika mwishoni kilikuwa mistari minne: kwamba anamjua, kwamba walitumikia pamoja, kwamba Shee na Shehe ni mtu mmoja. Kasia halikuingia. Vyoo havikuingia. Mzee akatia kidole gumba. Nilimuuliza yeye nyota zake ziko wapi. Akasema hakumwandikia yeyote barua, kwa hiyo hakupata. Uingereza yenyewe, askari aliyeachishwa jeshi alitakiwa aandike kuomba medali zake. Sasa mtu wa Faza asiyejua kuandika angejuaje kwamba anangojewa aombe?

Jibu lilikuja mwaka 1990. Nilipewa nakala ya faili ya Babu iliyosahihishwa. Nilikuwa nimefikiri watafuta na kuandika upya. Hawakufuta. Walipitisha mstari mwembamba juu ya maneno ya zamani, yanasomeka bado, kisha pembeni wakaandika kwamba faili hizi mbili ni za mtu mmoja, na chini yake Nyota ya 1939–45, Nyota ya Bama. Hapakuwa na neno la kuomba radhi. Nilichukia kidogo siku ile. Leo naona mstari ule ulikuwa na heshima yake; ukisoma unaona kwamba kulikuwa na kosa.

Nyota zenyewe zilifika Lamu kwa rejista, ndani ya kijiboksi cha karatasi ngumu. Kila moja ina pembe sita, rangi ya shaba iliyong'aa, taji katikati, na utepe wake. Wa Bama ni wa buluu nzito wenye mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa buluu umepitiwa na uzi wa rangi ya machungwa. Babu alichukua moja, akaipindua. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaipindua tena.

“Ina langu liko wapi?”

Nilimweleza nilivyokuwa nimesoma. Medali za Uingereza za vita vya kwanza zilichongwa jina la askari ukingoni. Nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila jina. Afrika Kusini na India walichonga zao. Sisi tulihesabiwa pamoja na Waingereza katika hilo, ingawa katika mshahara hatukuhesabiwa pamoja nao.

“Basi hii ni ya mtu yeyote,” akasema.

Ijumaa ile alipanda mashua kwenda Faza. Aliporudi hakuwa na boksi. Nilimuuliza, nikiwa karibu kulia, barua kumi na tisa. Akaniambia: “Langu liko kwenye karatasi. Yeye hana karatasi wala hana macho. Kitu cha kushikwa kimemfaa yeye.” Alimpa zote mbili.

Kwa hiyo, mpwa wangu, faili inasema nne na kopo lina moja. Moja iko mwambani na mbili zilikwenda Faza, na mzee yule alizikwa mwaka 1993. Babu alimfuata mwaka mmoja baadaye.

Karatasi ilikuja kufanya kazi ambayo hatukuitarajia. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, Wabajuni wenzetu wa Chula, Koyama na Kismayu walikimbilia huku, na kijana wa Ndau akienda kuomba kitambulisho akawa anakaribishwa kwa swali moja: wewe ni wa huku au wa kule? Mdogo wangu aliitwa mbele ya kamati ya uhakiki. Aliulizwa babu yake alizikwa wapi, naye Babu alikuwa hai, amekaa nje anamngoja. Akatoa nakala ya faili. Jamaa mmoja wa kamati akaisoma, akaipitisha kwa mwenzake. Hawakuuliza tena. Nilimwona Babu akiingia kumshika mkono mjukuu wake, nikafikiri: nyota zile alizozitoa hazikumpunguzia kitu, lakini mstari ule wa pembeni, tungeukosa, kijana huyu angelala nje ya nchi yake akiwa ndani yake. Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba uhakiki wa namna hiyo kwa watu wa kaunti za mpakani ufutwe. Nilifurahi. Nakala ya faili sijaitupa.

Sasa lipo jambo la kwangu, na sipendi kulisema. Miaka ile ile niliyokuwa nikimsaka Shehe, shuleni nilikuwa nikijaza fomu za watahiniwa wa KCPE. Kijana akinitajia Shee, niliandika Sheikh. Athmani niliandika Othman. Niliona nawasafishia majina, yasionekane ya kisiwani. Mwaka 2003 alinijia bwana mmoja mzima, baharia, cheti mkononi, amekosa kazi melini kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile. Aliniita mwalimu, akaniuliza kwa upole kama nakumbuka nani alijaza fomu. Nilikumbuka. Ilibidi aende kwa wakili, aape, alipe, alete mashahidi. Ada ya wakili niliitoa mimi. Kiapo aliapa yeye.

Hayo hutokea kila mahali penye karatasi. London, Septemba 1940, bomu lilichoma zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Uingereza wa vita vya kwanza. St. Louis, Marekani, tarehe 12 Julai 1973, moto ulikula mafaili kati ya milioni 16 na 18, na hadi leo wazee wa kule na watoto wao wanatafuta hati za malipo na picha za zamani ili warudishiwe medali. Lakini yao yaliungua yakiwa yameandikwa. Wabebaji mizigo wa vita vya kwanza, wale walioziachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam jina lao, wengi hawakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hao hawana hata jina lililokosewa la kusahihisha. Nikipita Nairobi barabara ya Kenyatta husimama mbele ya wale watu watatu wa shaba waliowekwa mwaka 1928. Nyuso zimechongwa vizuri. Mmoja anafanana na watu wa kwetu, au mimi ndiye ninayetaka afanane.

Siku ya tatu nilimpigia mpwa wangu. Nilimsimulia yote haya kwa vipande, mtandao ukikatika na kurudi. Hakuuliza tena medali. Akasema kwamba yuko foleni, amekwenda kuomba kitambulisho, wamempa fomu iliyokwisha kuchapwa aikague.

“Mjomba, wameandika S, H, E, H, E. Karani anasema ni jina lile lile, nisimcheleweshe. Nyuma yangu kuna watu wengi.”

“Umetia sahihi?”

“Bado.”

“Rudisha kalamu,” nikamwambia. “Mwambie akuite tena.”